Mwongozo Kamili wa Kuzuru Makumbusho ya Reli ya Nairobi na Kukielewa Kichwa cha Treni ya Mvuke

Wageni wengi wanaoingia Makumbusho ya Reli ya Nairobi hutoka baada ya robo saa. Hupiga picha mbili tatu mbele ya kichwa kikubwa cha rangi ya damu ya mzee, huchungulia behewa moja, kisha huondoka wakisema kwamba wameona vyuma vya zamani. Wengine huenda mara ya pili wakiwa na watoto au wageni kutoka mbali, na matokeo huwa yale yale.

Hawa si watu wasiopenda kujifunza. Kinachowakwaza ni kwamba kichwa cha treni ya mvuke hakijielezi chenyewe. Ni lazima kisomwe kwa utaratibu, kuanzia namba yake, kisha magurudumu, kisha njia ya moto na mvuke, na mwisho chumba cha dereva. Anayefuata utaratibu huo huona mambo ambayo mwenzake aliyesimama mita moja kando yake hayaoni kabisa. Mwongozo huu unaonyesha utaratibu huo hatua kwa hatua, tangu maandalizi ya nyumbani hadi langoni wakati wa kutoka.

## Vitu vya kuandaa

Vaa viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli isiyoteleza, kwa sababu utatembea juu ya kokoto, mataruma na ngazi za chuma. Nguo iwe ya rangi iliyokolea. Grisi ya zamani na masizi havitoki kirahisi kwenye shati jeupe. Beba kofia na maji ya kunywa, kwa kuwa sehemu kubwa ya maonyesho iko uwanjani.

Beba tochi ndogo. Watu hukisahau kifaa hiki kuliko vyote, ilhali bila mwanga hutaona chochote ndani ya tanuri la moto wala chini ya tumbo la kichwa. Taa ya simu inafaa, ila humaliza chaji na ni rahisi kuidondosha.

Chukua pia tepu ya kupimia, au kamba uliyoipima nyumbani ikawa na urefu wa mita moja kamili, pamoja na daftari na penseli. Weka kitambulisho mfukoni na pesa ya kiingilio kwenye simu. Mwisho, tenga muda wa saa tatu. Ukiwa na saa moja tu, ni afadhali uahirishe.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Chagua asubuhi ya siku ya kazi, ufike lango linapofunguliwa au muda mfupi baadaye. Chuma kinachokaa juani hushika joto upesi, na ikifika saa sita mchana vishikio vya ngazi huwa vya moto kiasi cha kumfanya mtoto aachie ghafla. Mwanga wa asubuhi nao huja kwa ubavu na kuonyesha ribiti, viungo na maandishi ya vibao, ambavyo jua la utosini huvificha.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haikatazi ziara, lakini uwanja huwa na matope na ngazi huteleza. Piga simu kwa Shirika la Reli la Kenya siku moja kabla ili uhakikishe saa za kufungua na kiingilio cha siku hiyo. Usitegemee bei uliyoambiwa na aliyekwenda mwaka juzi, kwa maana viwango hubadilika, na vya raia, wageni, watoto na wanafunzi havilingani.

Ukiweza, uliza kama kuna shule zilizoagiza ziara siku hiyo. Mabasi mawili ya wanafunzi yakitangulia, utasubiri sana zamu yako ya kupanda.

## Hatua ya 2: Fika bila kupotea

Makumbusho yako karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi, upande wa magharibi, kuelekea Uhuru Highway. Anayekuja kwa matatu ashuke steji ya Railways kisha amalizie kwa miguu. Anayetoka Mombasa kwa treni ya SGR atashukia Nairobi Terminus, Syokimau, na kutoka hapo kuna treni ya kuunganisha hadi stesheni ya katikati ya jiji. Ninaipendekeza njia hiyo kwa sababu utakuwa umesafiri juu ya reli mpya na utaishia kwenye reli ya zamani, na tofauti utakayoipima katika Hatua ya 5 utakuwa umeionja tayari.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, eneo la steji lina msongamano mkubwa, kwa hiyo simu ikae mfukoni hadi uingie ndani ya lango. Ya pili, usikate njia kwa kupita juu ya reli, hata ukiwaona wengine wakifanya hivyo. Treni za abiria za jiji bado zinatumia njia za hapo, na treni inayokuja polepole haina kelele nyingi kama watu wanavyodhani.

## Hatua ya 3: Uliza maswali matatu langoni

Msalimu mhudumu, lipa, pokea stakabadhi yako, kisha uliza mambo matatu kabla ya kusogea: ni vichwa vipi vinavyoruhusiwa kupandwa leo, kama kuna mtu wa kuwaongoza wageni, na kama kuna masharti ya kupiga picha kwa kamera kubwa. Vichwa huhamishwa, hupakwa rangi na hufanyiwa matengenezo, hivyo kile kilichokuwa wazi mwezi uliopita kinaweza kuwa kimezungushiwa kamba.

Ukibahatika kukutana na mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, mwamkie kwa heshima na umwombe akutembeze hata kwa nusu saa. Usianze kwa kumuuliza treni ilikwenda kasi gani, kama kila mtu anavyofanya. Muulize alifanya kazi gani kwenye reli, alianzia stesheni gani, na zamu yake ilikuwaje. Jibu lake litakufikisha mahali ambapo hakuna kibao kitakachokufikisha.

## Hatua ya 4: Anzia nje, na anza na namba

Watu wengi huanza na ukumbi wa ndani kwa sababu ndio ulio karibu na mlango. Ninashauri kinyume chake: nenda uwanjani kwanza, chuma kikiwa bado baridi, na uuache ukumbi hadi jua litakapokuwa kali.

Simama mbele ya kichwa na utafute namba yake. Katika mfumo wa Reli za Afrika Mashariki, uliojulikana kwa herufi EAR, namba yenye tarakimu nne husomwa kwa vipande viwili. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja la kichwa, yaani aina ya muundo wake, na mbili za mwisho ni nafasi yake ndani ya daraja hilo. Kwa hiyo 5918 ni kichwa cha 18 cha daraja la 59. Kadhalika 5930 ni cha 30, na 2921 ni cha 21 cha daraja la 29.

Sasa tafuta jina. Vichwa vya daraja la 59 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. 5918 ni Mount Gelai, mlima ulio kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron, na 5930 ni Mount Shengena, kilele cha milima ya Upare. Madaraja mengine yalibeba majina ya makabila: 2921 ni Masai of Kenya, 3020 ni Nyaturu, yaani Wanyaturu wa Singida, na 3123 ni Bavuma, watu wa visiwa vya Buvuma upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Msomaji wa Tanzania au Uganda asidhani kwamba amekuja kutazama mali ya Wakenya peke yao. Shirika la EAR liliundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, na likagawanyika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Majina yaliyo ubavuni mwa vichwa yanabeba ushahidi huo.

Andika namba na jina la kila kichwa katika daftari kabla ya kupiga picha yoyote. Ukirudi nyumbani na picha 80 za vyuma vyeusi na vyekundu, hutakumbuka ipi ni ya kichwa kipi.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kusimama mbele ya kichwa chochote cha EAR, kusoma namba yake, na kumweleza mwenzako ni cha daraja gani na cha ngapi.

## Hatua ya 5: Pima upana wa reli

Muombe mhudumu ruhusa, kisha upime njia iliyo ndani ya uwanja wa maonyesho pekee. Weka tepu kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa reli ya pili, sehemu ya juu ambako gurudumu hugusa. Utapata milimita 1,000, yaani mita moja, pengine na milimita chache za ziada kwa sababu ya kulika kwa chuma. Reli ya SGR ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435.

Kipimo hiki kidogo ndicho kiini cha ziara nzima. Wahandisi walitakiwa kuvuta mizigo mizito kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, huku njia ikiwa na upana wa hatua moja ya mtu mzima. Kichwa hakikuweza kupanuliwa kupita kiasi bila kupoteza utulivu wake, na njia ilikuwa na kona nyingi ambazo kichwa kirefu chenye fremu moja kisingezipita. Kila utakachokiona katika hatua mbili zinazofuata ni jibu la tatizo hilo.

## Hatua ya 6: Soma kichwa cha kawaida kwanza

Usikimbilie kile kikubwa. Nenda kwa 2921, Masai of Kenya, kilichoundwa na kampuni ya North British ya Glasgow, ukajifunze herufi kabla ya kusoma sentensi.

Simama ubavuni na uhesabu magurudumu kutoka mbele kwenda nyuma, ukiacha yale ya behewa la maji na mafuta linalofuata. Utaona gurudumu dogo moja, makubwa manne yaliyounganishwa kwa fimbo ya chuma, na dogo moja nyuma. Ukihesabu pande zote mbili unapata 2, 8 na 2, na ndivyo watu wa reli wanavyokiita: 2-8-2. Gurudumu la mbele hukiongoza kichwa kwenye kona, yale manane huvuta, na la nyuma hubeba uzito wa tanuri la moto. Kisha nenda kwa 3123, Bavuma, uhesabu tena. Nyuma utakuta madogo mawili kila upande, na hivyo ni 2-8-4. Mzigo wa nyuma umegawanywa kwa ekseli nyingi zaidi, ili kila moja ikandamize reli kwa uzito mdogo.

Baada ya magurudumu, fuata njia ya nguvu kwa kidole, bila kugusa. Anzia kwenye silinda, lile pipa nene lililolala karibu na gurudumu la mbele. Mvuke huingia humo upande mmoja, husukuma pistoni, kisha huingia upande wa pili na kuirudisha. Pistoni husukuma fimbo kuu inayozungusha gurudumu moja kubwa, na fimbo ya kuunganisha huyalazimisha mengine yazunguke pamoja nalo. Juu ya fimbo hizo kuna vifimbo vyembamba vinavyoonekana kama fujo. Kazi yake ni kupanga saa ya kuingia na kutoka kwa mvuke, na ndivyo vinavyokiwezesha kichwa kwenda mbele au kurudi nyuma.

Tazama pia dohani. Vichwa kadhaa vya EAR vilifungwa dohani ya mtindo wa Giesl, uliobuniwa na mhandisi Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen. Utaitambua kwa kuwa ni bapa: nyembamba ukiitazama kutoka mbele, ndefu ukiitazama kutoka ubavuni. Ndani yake mvuke uliotumika hutoka kwa matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja, nao huvuta moshi vizuri zaidi na kuufanya moto uwake kwa mafuta machache.

Tahadhari: usiingize mkono kati ya fimbo na magurudumu, na usimwachie mtoto atambae chini ya kichwa. Kichwa kimesimama, ndiyo, lakini kingo zake ni kali na zina kutu. Usikwaruze wala kubandua mabati yaliyofunika boila, yaani lile pipa kubwa ambamo maji huchemshwa yawe mvuke, kwa sababu chini ya mabati ya vichwa vya umri huu mara nyingi kuliwekwa asbesto ya kuzuia joto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Utajua umeelewa ukiweza kufumba macho na kutaja kwa mpangilio: moto, maji, mvuke, silinda, pistoni, fimbo, gurudumu.

## Hatua ya 7: Zunguka Mount Gelai taratibu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kichwa 5918 kiliundwa mwaka 1955 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, kikiwa kimojawapo kati ya 34 vya daraja la 59. Kina uzito wa takriban tani 252 na urefu unaozidi mita 31. Hakuna kichwa cha mvuke kizito wala chenye nguvu zaidi kilichowahi kuundwa kwa reli ya upana wa mita moja, mahali popote duniani. Kati ya 34, viwili tu vimehifadhiwa, 5918 na 5930.

Kwanza, rudi nyuma hadi ukione chote kwa ubavu. Utagundua kwamba ni vipande vitatu. Mbele kuna tangi la maji juu ya seti ya magurudumu, nyuma kuna tangi la mafuta juu ya seti nyingine, na katikati boila na chumba cha dereva vimening'inia kati ya seti hizo mbili, bila gurudumu hata moja chini ya boila. Huu ndio muundo wa Garratt, unaoitwa kwa jina la mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt aliyeusajili mwaka 1907.

Pili, sogea karibu na utafute mahali boila linapokutana na fremu ya mbele. Kuna egemeo kubwa la mviringo linaloruhusu kila seti ya magurudumu kujigeuza peke yake. Kichwa kikiingia kona, seti ya mbele hugeuka kwanza, boila hukata kona kama kamba inavyokatiza upinde kutoka ncha hadi ncha, na seti ya nyuma hufuata. Hivyo ndivyo mashine ya mita 31 ilivyoweza kupita kwenye njia iliyojaa kona.

Tatu, piga magoti kando ya boila na umulike tochi chini yake. Utaona uwazi. Katika 2921, boila limekaa juu ya magurudumu, kwa hiyo unene wake umebanwa na urefu wa magurudumu hayo. Hapa hakuna cha kulibana kutoka chini, na ndiyo sababu waundaji waliweza kuliweka boila nene na fupi, lenye tanuri pana na la kina. Nguvu ya kichwa cha mvuke hutegemea wingi wa mvuke kinaoweza kutengeneza kwa saa, na boila nene ndilo linaloutoa. Ukilielewa tundu hilo lisilo na kitu, umeielewa Garratt.

Nne, hesabu magurudumu. Kila upande yako 14: madogo mawili, makubwa manne, dogo moja, kisha dogo moja, makubwa manne, madogo mawili. Kwa pande zote ni 28, na kwa lugha ya reli ni 4-8-2+2-8-4. Silinda ni nne, mbili kwa kila seti.

Tano, nenda kwa 6006, Garratt ya daraja la 60, uhesabu tena. Magurudumu ni 28 vilevile na mpangilio ni ule ule, lakini umbo ni jepesi kabisa. Katika daraja la 59 kila ekseli ya magurudumu makubwa ilibeba takriban tani 21, wakati katika daraja la 60 ilibeba karibu nusu yake. Vichwa vya 60 vilikusudiwa njia zenye reli nyepesi. Vile vya 59 vilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli iliimarishwa, na viliweza kupanda mwinuko wa asilimia 1.5, yaani mita 1.5 kwa kila mita 100, vikiwa na treni ya takriban tani 1,200.

Kosa moja hurudiwa na karibu kila mgeni: kutafuta mahali pa makaa. Hakuna. Vichwa hivi vilichoma mafuta mazito, yaliyopulizwa kwa mvuke ndani ya tanuri. Mchochea moto hakushika koleo la makaa, bali alisimamia vali za mafuta, mvuke na hewa, akitazama rangi ya moshi. Moshi mweusi ulimaanisha mafuta yanapotea bure. Katika vichwa vya mafuta mchochea moto pia hurusha mchanga kidogo tanurini, mvuto wa hewa ukauchukua kupitia mirija ya boila na kusugua masizi yaliyoganda humo.

Safari ya Mombasa na Nairobi ilikuwa ndefu kupita uwezo wa wafanyakazi wawili, kwa hiyo timu mbili zilisafiri pamoja: moja ikiendesha, nyingine ikilala katika behewa lililofungwa nyuma ya kichwa. Mgeni anayefikiria kazi hii kama starehe ya kupiga filimbi na awafikirie watu waliolala kando ya mashine inayonguruma, wakisubiri kuamshwa usiku wa manane.

## Hatua ya 8: Panda chumba cha dereva

Panda kile tu ulichoruhusiwa langoni. Jaribu vishikio kwa mgongo wa kiganja kwanza ili ujue kama vina moto, kisha shika kwa mikono miwili. Wakati wa kushuka, geuza uso kwenye kichwa na mgongo nje, kama unavyoshuka ngazi ya dari. Wengi wanaoumia huumia wakishuka kwa kutazama nje. Mtoto asipande bila mtu mzima juu na mwingine chini.

Ukiwa ndani, usianze kuvuta vipini. Simama na utafute vitu vinne kwa mpangilio huu.

1. Kioo cha maji. Ni mrija wa kioo uliosimama, au kifuko chake ikiwa kioo kimeondolewa. Ulionyesha kimo cha maji ndani ya boila. Ninakiweka mbele kuliko vyote kwa sababu maji yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma cha paa hilo hupata moto hadi kulegea, na boila linaweza kupasuka. Timu ilikitazama kioo hiki safari nzima.

2. Geji ya mvuke. Daraja la 59 lilifanya kazi kwa shinikizo la pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa pauni 30 hivi.

3. Mkono wa mvuke, ambao dereva aliuvuta ili kuupeleka mvuke kwenye silinda.

4. Gurudumu au mkono wa kugeuza mwendo, uliounganishwa na vile vifimbo vyembamba ulivyoviona nje.

Kisha inama, mulika tochi kwenye mlango wa tanuri, na utazame ndani. Utaona ukuta wenye matundu mengi ya mviringo yaliyopangwa kwa safu. Hayo ndiyo mirija ambamo moto ulipita huku maji yakiizunguka kwa nje. Wageni wengi huishia kupiga picha wakiwa wameshika mkono wa mvuke na kuteremka bila kuinama.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwonyesha anayepanda baada yako kioo cha maji, na kumweleza kwa nini kilitazamwa kuliko njia ya mbele.

## Hatua ya 9: Behewa namba 12

Tafuta behewa dogo la ukaguzi lenye namba 12. Mwezi Juni 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall na wenzake wawili, Huebner na Parenti, walilala humo katika stesheni ya Kima wakimvizia simba aliyekuwa akiwala watu. Behewa liliegeshwa kwenye njia ya pembeni iliyoinama kidogo. Ryall alikuwa na zamu ya kukesha, akapitiwa na usingizi. Simba aliingia kwa mlango wa kuteleza, mlango ukajifunga wenyewe kwa sababu ya mwinamo, na mnyama akatoka dirishani akiwa na Ryall.

Usisimulie kisa hiki kama cha Tsavo, kosa ambalo hata baadhi ya waongozaji wageni hulifanya. Simba wawili wa Tsavo, waliokuwa wakiwala vibarua wa reli, waliuawa mwaka 1898, na mabaki yao yako katika Field Museum, Chicago. Wa Kima ni simba mwingine, mahali pengine, miaka miwili baadaye.

Simama nje ya dirisha na ulipime kwa macho, kisha utazame mlango. Kisa hiki kinaeleweka pale tu unapoona jinsi nafasi ilivyo finyu. Na ukumbuke kwamba maelfu ya vibarua wa reli waliokufa kwa maradhi, ajali na wanyama hawakuachiwa behewa la kuwakumbuka; waongezee watoto wako jambo hilo.

## Hatua ya 10: Ukumbi wa ndani

Sasa jua limepanda, ingia ndani. Hapa chagua vitu vichache na uvitazame vizuri. Anza na picha za ujenzi, kwa maana reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Katika picha hizo tazama mikono na mabega ya wanaobeba reli, wengi wao wakiwa vibarua walioletwa kutoka India, kabla ya kuwatazama mabwana waliosimama kando. Kisha tazama vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula na vifaa vya mawasiliano vya stesheni. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1971, vichwa vya mvuke vikiwa bado kazini, na ndiyo sababu vitu vingi viliokolewa kabla havijauzwa kama chuma chakavu.

## Hatua ya 11: Picha, na ukaguzi kabla ya kutoka

Garratt nzima haienei kwenye picha ukisimama karibu. Simama kwenye pembe ya mbele, rudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, na ushushe simu hadi usawa wa magoti ili magurudumu yaonekane. Piga kibao cha namba kwanza, kisha kichwa chenyewe, ili picha zijipange zenyewe kwa namba.

Kabla ya kufika langoni, kaa kivulini na ufungue daftari. Jibu bila kutazama mahali popote: 5918 ni cha daraja gani na cha ngapi? Kwa nini hakuna magurudumu chini ya boila lake? Kilichoma nini? Kioo cha maji kilikuwa cha nini? Ryall aliuawa wapi? Swali lolote likikushinda, rudi kwenye kichwa husika ukaliangalie sasa, ukiwa bado ndani, kwa sababu ukishatoka unaweza kutakiwa kulipa kiingilio upya.